Makinga Maji Kumi na Manne

Mdogo wangu Usumani alijiandikisha katika mafunzo yale mwezi wa Novemba, wiki mbili baada ya daktari kumwambia kwamba mgongo wake haukubali tena kuinamia cherehani. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiti kimoja, ndani ya kibanda cha marehemu baba yetu, Mzee Maneno, pale Nyamirambo, Kigali, nami nikiwa upande wa pili wa meza ya kukatia. Sisi ni watu wa kanzu, suti za harusi na sare za shule. Babu yetu alikuja huku na sindano kutoka pwani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika jembe isipokuwa siku za umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi.

Mafunzo yalikuwa ya bure, ya miezi sita, yote kwenye simu: kuhifadhi udongo, kilimo, mifugo na utunzaji wa misitu. Waliomaliza walipewa cheti, na wenye cheti walikuwa wanachukuliwa kuwa wakufunzi wa wakulima katika sekta zao, yaani kata wanazokaa. Usumani alikuwa ameacha shule kidato cha tatu, baba alipougua. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini nilimwona alivyokuwa akiandika maelezo ya masomo kwenye daftari lenye mistari, akipigia kila kichwa cha habari mstari kwa rula ya kukatia. Cheti kile alikitaka kama mtu anavyotaka kitu alichonyang'anywa.

Masomo yalikuwa kumi na mawili. La kwanza lilikuwa wazi na mengine yote yalikuwa na alama ya kufuli. Ukimaliza somo unatuma kazi yako kwa picha, mwalimu anaitazama, na akiikubali kufuli la somo linalofuata linafunguka. Huwezi kuruka. Usumani alipenda utaratibu huo. Alisema ndivyo baba alivyotufundisha, huanzi kola kabla hujajua mfuko.

Mwalimu wake aliitwa Arthur. Alikuwa na ofisi Kiyovu, hatukuwahi kuiona, na kila Jumanne saa moja jioni alitokea kwenye simu akiwa na ukuta mweupe nyuma yake. Alilelewa Tanzania, upande wa Karagwe, kwa hiyo wanafunzi wengine walipomwuliza kwa Kinyarwanda aliwajibu kwa Kinyarwanda, naye Usumani akajibiwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa mpole. Alikuwa pia na wanafunzi zaidi ya mia tatu.

Shamba tulikuwa nalo Masaka, pembezoni mwa Kigali. Baba alilinunua zamani na hakulitumia. Tulijenga vyumba viwili juu, kando ya barabara, na kuanzia ukuta wetu wa nyuma ardhi iliteremka kwa ukali hadi kwenye bati la jirani yetu wa chini, Mukarugwiza. Alikuwa mjane wa miaka sabini na zaidi, mwenye ng'ombe mmoja aliyeitwa Bihogo na Kiswahili alichokiokota sokoni Biryogo enzi alizokuwa akiuza viazi vitamu. Sote tulimwita mukecuru, kama watu wanavyowaita bibi huku. Yeye alimwita Usumani Fundi, nami aliniita mwanangu ingawa nina miaka arobaini na mitano.

Mteremko ule kati yetu na yeye ulikuwa majani matupu. Kila mvua iliponyesha, Mukarugwiza alipanda na jembe lake la mpini mfupi, taratibu, gunia kichwani, akafungua njia ndogo ndogo za maji kuelekea kwenye korongo lililo kando. Niliwahi kumwuliza anafanya nini. Alisema anayasindikiza maji mpaka barabarani. Mama mkwe wake alifanya hivyo, na mama wa huyo mama mkwe.

Somo la nne lilimwambia Usumani kwamba hilo ndilo kosa la kwanza la mkulima, kuyaacha maji yaondoke. Maji yanayoondoka yanaondoka na udongo. Alinionyesha picha za korongo lililokula shamba la mtu lote, na mto mwekundu kama chai ya maziwa. Somo la tano lilikuwa la dawa yake: makinga maji, yaani mifereji inayochimbwa kukata mteremko kwa upana, ili mvua isimame humo na kuzama polepole. Kazi ya somo hilo ilikuwa kuyachimba kweli, kwenye shamba lako, na kutuma picha kabla ya mwisho wa Februari.

Kulikuwa na video ya jinsi ya kupima. Watu wawili, fito moja, kamba na kipimamaji. Kati ya mfereji mmoja na mwingine ardhi inatakiwa kuwa imeshuka mita mbili. Mmoja anasimamisha fito ya mita mbili chini, mwingine anavuta kamba iliyolala sawa kutoka kwenye ncha ya fito hadi inapogusa ardhi kule juu. Pale inapogusa ndipo unapochimba. Tulijaribu asubuhi nzima. Upepo uliichezea kamba, fito ikawa inaanguka, mgongo wa Usumani ukaanza kumuuma kabla hata hatujachimba kitu.

Mimi ndiye niliyesema. Nilisema mita mbili ni mita mbili, kwa nini tunahangaika na kamba. Nikavua futi yangu shingoni.

Futi ya fundi nguo ina sentimita mia na hamsini. Niliilaza juu ya ardhi, nikaweka kidole gumba mwishoni, nikaisogeza, nikaongeza hamsini. Usumani akapigilia kigingi. Maisha yetu yote tumepima hivyo. Mgongo wa mtu ukipinda, futi inapinda nao, na tumbo likitokeza, futi inalifuata. Hatujawahi kupima kitu kwa kukaa mbali nacho. Kufika adhuhuri tulikuwa tumeweka vigingi vya mstari wa kumi na nne, na Usumani alicheka akasema wenzake wa darasani wanalalamika kwamba kazi ni ngumu kwa sababu hawana dada.

Ningelifuata lile somo, mteremko ule ungebeba makinga maji matano.

Mukarugwiza alipanda siku ya pili, tukiwa na sururu. Alisimama kwenye majani akiwa ameshika kiuno.

"Fundi, unafanya nini na mlima yangu?"

"Mlima ni wangu, mukecuru," Usumani alimjibu. "Wewe chako ni kivuli chake."

Alicheka, kwa sababu walikuwa na mazoea ya kutaniana. Kisha akasogea akatazama ndani ya mfereji wa kwanza, akatazama vigingi vyote vilivyofuata hadi juu. Alisema kuna udongo mwingine chini ya huu mwekundu. Usumani alimwambia kila mahali kuna udongo mwingine chini.

"Hii iko nyeupe," Mukarugwiza alisema. "Inateleza kama sabuni. Wazee hawakulaza maji hapa, Fundi. Walikuwa wanaacha ipite."

Usumani alimweleza kwa heshima. Alimweleza mpaka mukecuru akakaa chini, habari za rutuba, za maji ya ardhini, za miti itakayopandwa. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, Habiyaremye, alikuwa akipita barabarani na alisimamisha pikipiki kusifia, akisema laiti kila mtu wa Masaka angekuwa hivyo. Mukarugwiza aliwatazama wote wawili. Alisema basi, amekubali, Fundi ameushonea mlima kanzu. Ila akauliza ikilowa ni nani ataianua.

Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Kwenye mfereji wa tisa sururu ilitoka na kitu cheupe. Usumani alikichukua kidogo, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama tunavyojaribu kitambaa dukani. Alisema ni laini kama hariri. Tulikikuta tena kwenye wa kumi, na wa kumi na moja, na yote iliyobaki. Jumanne hiyo alimwuliza Arthur, mbele ya darasa zima. Arthur alimwambia ni swali zuri sana, na kwamba udongo wa aina hiyo unazungumziwa kwenye somo la saba, la kukagua mteremko. Alimwomba avute subira. Tusiruke masomo, alisema, maana wengine bado wako la tatu.

Picha zilitumwa tarehe ishirini na sita. Usumani alizipiga kutoka barabarani, akielekeza simu chini, mifereji yote kumi na minne ikiwa imelala sambamba kama mikunjo ya sketi ya shule. Kwenye fomu palikuwa na swali la kiasi cha mteremko kati ya kinga na kinga, akaandika mita mbili. Arthur alijibu siku hiyohiyo. Aliandika, "Bwana Usumani, hii ni kazi ya mfano." Usumani alinisomea maneno hayo mara mbili, kisha akaenda kumsomea Mukarugwiza.

Somo la sita lilifunguka. Lilihusu kupanda matete kwenye kingo za mifereji, yashike udongo na yalishe mifugo, na kazi yake ilikuwa picha ya matete yaliyochipua na kufika magotini. Kwa hiyo tulipanda na kungoja. Ilikuwa Ramadhani. Mvua za Machi zilianza usiku wa tatu wa kufunga, na asubuhi Usumani alitoka akaniita nikaone. Mifereji yote ilikuwa imejaa. Maji yalikuwa yametulia, ya rangi ya kahawia, mistari kumi na minne, na hakuna hata tone lililokuwa likitoka kuelekea korongoni. Alisimama pale akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu baba alipokuwa hai.

Mukarugwiza alipanda na jembe na gunia, kama kawaida yake. Hakukuta maji ya kusindikiza. Alizunguka kidogo, akateremka.

Katikati ya mwezi wa Ramadhani mlango wa jiko lake ulianza kugoma. Ilibidi aunyanyue kwa mikono miwili ndipo ufunge. Nilipompelekea uji wa futari aliniambia labda mbao zimevimba kwa mvua, na mimi nilikubali kwa sababu ndivyo mbao zinavyofanya. Baada ya Idd, nyuma ya banda la Bihogo palitokea unyevu. Kwanza ulikuwa doa, kama jasho kwenye shati, kisha ukawa kijito chembamba, cha maji meupe kidogo. Bihogo hakuyanywa. Mukarugwiza alimwita Usumani akaone, naye akaona, akapiga picha. Alituma kwa Arthur akieleza kwamba chemchemi imefufuka. Arthur alijibu kwa alama ya dole gumba.

Nilikuwa na wasiwasi, lakini sikuwa na la kuuelezea. Kulikuwa na miti mitatu ya mgrevilea kwenye mpaka wa chini, iliyopandwa na marehemu mume wa Mukarugwiza, na kila nilipokwenda kazini asubuhi niliitazama. Jicho la fundi linaona pindo lililoshuka hata kwa upana wa uzi. Miti ile ilikuwa imeanza kuinama kuelekea bondeni, yote mitatu, kwa kiasi kilekile. Nilimwambia Usumani. Alisema ni upepo. Nilimwambia upepo hauinamishi miti mitatu sawasawa. Alisema, bila hasira, "Da Raihana, matete yamebakiza kidogo kufika magotini. Likifunguka somo la saba tutajua cha kufanya."

Kila siku alikwenda kuyapima. Aliyapima kwa futi yangu.

Wiki ya maombolezo ya Aprili, ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari, ilipita, mji ukiwa kimya na mvua ikinyesha karibu kila alasiri. Siku ya Jumatano baada ya hapo alituma picha za matete. Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu, nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda Nyamirambo, na mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Simu ililia. Usumani alisema limefunguka, akavuta kiti.

Video ilikuwa ya dakika kumi na moja. Nilimsikia mwanamke akieleza kwa sauti ya taratibu, na sikuwa nikisikiliza vizuri, nilikuwa natafuta mwavuli. Kisha nikaona Usumani ameirudisha nyuma. Akaisikiliza tena sehemu ileile. Akairudisha tena.

Nikasogea. Kwenye simu palikuwa na mchoro wa mlima uliokatwa kama keki, unauona kwa ubavu. Fito ya mita mbili ilikuwa imesimama wima, na kamba imelala. Mwanamke alikuwa anasema kwamba wanafunzi wengi hupima kwa kufuata ardhi, na kwamba kwenye mteremko mkali kosa hilo linazidisha makinga maji mara mbili au tatu. Mlima unabeba maji usiyoweza kuyabeba. Mchoro ulionyesha tabaka jeupe chini ya tabaka jekundu, na mshale wa maji ukishuka hadi hapo na kusimama. Kisha akataja dalili. Milango isiyofunga. Miti inayoinama pamoja. Maji meupe yanayotokea chini pasipokuwa na chemchemi. Alisema ukiona hata mojawapo ya dalili hizo wakati wa mvua, kwanza ondoa watu walio chini, na usipande mlimani mpaka mvua ikatike siku mbili.

Usumani aliweka simu mezani. Chai yake ilikuwa imejaa. Hakunitazama, na mpaka leo namshukuru kwa hilo, kwa sababu angenitazama ningejua anaiwaza futi.

"Nenda kamtoe mukecuru," alisema. "Usibishane naye. Mtoe."

Nilimwuliza yeye anakwenda wapi, maana alikuwa amekwisha shika jembe. Alisema anafungua mifereji ya juu, upande wa korongo, maji yapungue. Nilimwambia somo limesema asipande. Alisema amelisikia. Alisema akiifungua mitano tu ya juu itatosha, kazi ya nusu saa, na kwamba kule chini kuna mtu aliyekwisha tuambia haya yote kwa mdomo wake akiwa amesimama kwenye majani, na sisi tukacheka.

Nilishuka kwa njia ya pembeni, ile inayozunguka korongo. Mukarugwiza alikuwa jikoni. Hakubisha kama nilivyotegemea. Alinitazama usoni, akachukua mtandio wake na kitambulisho chake, na akasema twende, ila na Bihogo. Nilimwambia hakuna muda wa ng'ombe. Aliketi chini kwenye kizingiti. Akasema basi nenda wewe.

Kwa hiyo tulimfungua ng'ombe. Sijawahi kuvuta ng'ombe maishani mwangu, na yule alikuwa hataki kutoka kwenye banda, miguu ya mbele imezama kwenye lile tope jeupe hadi kwenye vifundo. Mukarugwiza aliongea naye kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, akimwita majina ya sifa, huku mimi nikivuta kamba na kulia. Sijui tulichukua muda gani. Alipotoka alitoka kwa ghafla, akatupita, tukamfuata mpaka ng'ambo ya korongo, kwenye kibaraza cha majirani.

Kutoka pale tuliweza kumwona Usumani. Alikuwa amefungua mitatu, maji yalikuwa yanamwagika korongoni kwa nguvu, mekundu. Alikuwa kwenye wa nne. Aliinua jembe, akalishusha. Nilimpigia kelele kwamba tumetoka, na nadhani alinisikia kwa sababu alisimama akanyoosha mgongo, mkono mmoja kiunoni, kama alivyozoea kufanya saa kumi jioni dukani.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayechana kitambaa kizito, turubai au jinzi, polepole, kuanzia upande mmoja hadi wa pili. Ufa ulipita juu yake, karibu na ukuta wetu wa nyuma. Kisha majani, matete na mifereji vilishuka pamoja, vyote vikiwa bado vimenyooka, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alikuwa bado amesimama. Kisha mwendo ukaongezeka na sikumwona tena.

Udongo ulijaza jiko la Mukarugwiza na banda, ukavunja chumba kimoja na kusimama.

Habiyaremye aliita mudugudu wote, na watu walichimba chini ya mvua mpaka giza, wakaendelea alfajiri. Walimpata Ijumaa adhuhuri. Wanaume wa msikitini kwetu walimwosha na tukamzika kabla ya Magharibi. Nilimkatia sanda mimi. Nilipima mara tatu, kwa kuogopa.

Arthur alikuja Jumapili, siku ya tatu ya matanga. Nilimtambua kwa sauti, maana uso ulikuwa tofauti bila ule ukuta mweupe. Ni mfupi, na ni kijana kuliko nilivyofikiri. Alitoa pole, akaketi na wanaume, akanywa chai. Baadaye aliniuliza kama anaweza kupaona. Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Kuanzia ukutani kulikuwa na hatua nne tu, halafu ardhi ilikatika, na mtu alitazama chini moja kwa moja hadi kwenye bati lililopinda. Arthur alisimama. Akarudi nyuma akashika ukuta.

"Kwenye picha palionekana tambarare," alisema.

Nilitaka kumwambia kuhusu swali la udongo mweupe, na lile dole gumba alilotuma. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo siku mbili. Badala yake nilimwambia futi niliishika mimi, nikamweleza jinsi nilivyoilaza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hilo somo la saba lingepaswa kuwa kabla ya la tano, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuona hivyo na akaona si kazi yake kulisema. 

Mvua ilikuwa imepumzika. Upande wa Ndera mawingu yalikuwa meusi, yanakuja. Nilimwuliza wapo wangapi waliokwisha chimba na ambao somo la saba bado limefungwa.

Alitoa simu. Alitafuta kwa muda, akahesabu kwa midomo. Alisema ishirini na sita.

Tuliketi palepale, kwenye matofali yaliyobaki ya ujenzi, na akaanza kupiga. Hakungoja kuwauliza wakubwa wake. Mwanamke wa kwanza, wa Bugesera, alisema shamba lake ni bonde, hakuna mlima. Wa pili alisema hajamaliza kuchimba, Arthur akamwambia asimalize. Wa tatu hakupokea. Wa nne na wa tano walipima kwa fito na kamba, na Arthur aliwauliza mara mbili mbili mpaka wakaanza kuona kama wanashutumiwa. Wa sita alikuwa amezima simu. Mukarugwiza, ambaye tangu Alhamisi analala kwetu, alituletea chai, akakaa karibu yangu.

Wa tisa aliitwa Gakwaya, mtu wa kaskazini, kwenye milima ya Gakenke. Arthur aliweka sauti ya nje. Alipokea akicheka, mvua ikipiga bati lake kwa nguvu hivi kwamba ilibidi apaaze sauti.

"Mwalimu, karibu sana. Mifereji imejaa mpaka mdomoni. Hata tone moja halijapotea, njoo uone mwenyewe."

Arthur aliishusha simu magotini. Nilichukua simu mkononi mwake. Nilimsalimia, nikamwambia naitwa Raihana, ni fundi nguo wa Kigali, na mdogo wangu alikuwa darasa moja na yeye. Nikamwuliza alipima na nini.

"Kwa hatua, dada. Hatua mbili mbili kushuka, sawasawa kabisa."

"Na chini ya shamba lako anakaa nani?"

Alicheka kidogo, labda kwa kushangaa. Alisema ni kaka yake na mkewe na watoto, wako ndani, leo Jumapili mvua imewazuia kwenda kanisani. Nikamwuliza kama milango yao inafunga. Safari hii hakucheka. Alisema ajabu, jana tu kaka yake alikuja kuazima randa ya kuuchonga mlango.

Nilimwambia aliache jembe mahali lilipo. Nilimwambia asipande juu, asifungue kitu, ashuke kwa njia ya pembeni awatoe watu, na kama kuna ng'ombe hataki kutoka, amwache. Mukarugwiza alinitazama niliposema hivyo, kisha akageuza uso kando.

Gakwaya hakuuliza zaidi. Nilisikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha mbao, haikukatwa, na mlango ukafunguliwa. Baada ya hapo ilisikika mvua peke yake. Arthur alikuwa ameinama karibu na mkono wangu, nami sikuthubutu kuusogeza, na tulikaa hivyo tukisikiliza.